Sifa Tatu Kwanza

Kwenye kiti cha mbele yangu, dada mmoja, kocha wa mabinti wa kuruka juu, filimbi bado shingoni, alikuwa akimlalamikia mzee aliyeketi naye. Hawakuwa wakijuana, kiti cha basi ndicho kilichowakutanisha.

"Semina ilitufundisha tusifu mara tatu ndipo tukosoe mara moja," alisema. "Sasa nikimwambia binti ameruka vizuri, anaanza kuhesabu kwa vidole. Nikifika sifa ya tatu, machozi yanamlengalenga. Juzi nilimsifu mara moja tu, akaniuliza, 'Kocha, nimekosea wapi?'"

"Mimi nimefundisha ndondi miaka ishirini," mzee akajibu, "na sikumsifu mtu hata siku moja."

"Walikupenda?"

"Walinisikiliza."

Mzee akaikunja tiketi aliyoishika mpaka ikawa ndogo kama punje.

Basi likasimama. Kocha akajitwika begi lake, akaaga. Mzee akameza mate kama mtu aliyepewa dawa chungu. "Mwanangu, wewe ni kocha mzuri."

Dada akageuka alipofika mlangoni, uso umemshuka. "Enhe, mzee wangu. Nimekosea wapi?"