Ngao Iliyobaki Mtoni

Mzee Filemoni Mfulathelwa Ntombela, tunayemlaza kaburini leo Jumamosi, tarehe 18 Juni 1938, hapa kwake karibu na Babanango, alizaliwa wakati hakuna mtu wa nyumba hii aliyejua kuandika tarehe. Mama yake alimwambia kwamba yalikuwa majira ya kupalilia, wana wa mfalme wetu wametoka tu kupigana kule kwenye mto Thukela. Kwa hesabu ya mchungaji, huo ni mwanzo wa mwaka 1857.

Utoto wake aliumalizia machungani. Alipokua aliitwa katika uVe, kikosi cha vijana katika jeshi la mfalme, pamoja na rafiki yake wa tangu utoto, Mzee Sikhwebu, ambaye yuko nasi hapa. Tarehe 22 Januari 1879 walipigana na Waingereza chini ya mlima Isandlwana. Kaka yake Ndabankulu aliuawa kwenye mahema yao. Yeye alikuwa miongoni mwa waliowafukuza askari mpaka mto Mzinyathi, na huko Sikhwebu alimwona akimchoma mkuki kijana mmoja, kijana akaanguka kwenye majani.

Jioni Mfulathelwa alirudi na mkuki wenye damu. Hakuwa na ngao, wala nguo ya maiti. Wote tunajua sheria ilivyokuwa: anayeua vitani humpasua aliyemuua tumbo, huvaa nguo yake, kisha hutakaswa; asipofanya hivyo atavimba kama yule maiti, na uchafu wake utawaingia watoto. Wenzake walipokwenda kwa mganga kutakaswa, yeye alikaa pembeni.

"Sina la kutakaswa," alisema.

Watu waliona ni kiburi. Tangu siku hiyo hakukunywewa pombe ya mtama asiulizwe habari za mtu wake.

"Mahlobo, maiti wako kaja leo?" Sikhwebu alikuwa akimtania, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wake. "Basi mpishe akae, naye apate chungu!"

"Mwache akae. Hanywi kama wewe."

Watu walicheka, naye alicheka nao. Ila binti yake wa mwisho, Hluphekile, aliyekuwa akipitisha vyungu, aligundua kwamba baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka.

Mwaka 1886 alimwoa MaXulu. Baba wa binti alisita kumtoa kwa mtu asiyetakaswa, lakini MaXulu mwenyewe alisema, "Baba, huyo maiti hanijii mimi kuomba chakula. Naolewa na aliye hai." Walijaliwa watoto saba. Wawili walikufa wangali wachanga, na mwaka 1897 sotoka ikamaliza ng'ombe. Kila mara watu walinong'ona sababu ile ile. MaXulu alifariki mwaka 1929 bila kumuuliza mumewe hata siku moja.

Kuhusu kazi, Makaburu walipoichukua nchi hii mwaka 1884, nyumba ya baba yake ilijikuta ndani ya shamba la mtu, naye akawa analipa kwa jasho lake haki ya kukaa alipozaliwa. Alikuwa fundi wa kuendesha magari ya ng'ombe. Waingereza na Makaburu walipopigana wao kwa wao, Waingereza waliwachukua ng'ombe aliowalea, naye akaenda nao miaka miwili. Alipoulizwa alikuwa upande wa nani alijibu, "Wa ng'ombe."

Shule aliianza mwaka 1903, kichwani ana ile pete ya nta ya wanaume waliooa, akikaa benchi moja na wajukuu wa wenzake. Mwalimu alimuuliza, "Mzee, umri huu unatafuta nini kwenye herufi?" Akasema, "Kuna jiwe nataka kulisoma." Alipohitimu kitabu cha kwanza alitembea mpaka Isandlwana, akasoma kwa kidole mawe yote ya makaburi ya Waingereza, siku nzima. Hakusema alitafuta nini. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1905.

Baada ya mavuno ya mwaka jana tumbo lake lilianza kuvimba. Daktari alisema ni ini. Nyumbani watu walisema lingine. Wanawake waliokuja kumtazama hawakula hapa, na Hluphekile, aliyekuja kumuuguza, aliona vyakula vinarudi jikoni kama vilivyotoka. Mdogo wa marehemu, Mzee Mehlwana, alitamka wazi kwamba kaka yake hatazikwa kando ya zizi na baba zake. Atazikwa ng'ambo ya kijito, peke yake, ili asiwachafulie walio hai.

Hluphekile ana wana wawili migodini, na mmoja wao ameanza kukohoa. Asubuhi moja mwezi Mei, akimnywesha baba yake uji, hakuweza kunyamaza zaidi.

"Baba, nisamehe. Kuna kitu chako kitakachowafuata wanangu?"

Alisogeza bakuli la uji pembeni. "Hakuna, mwanangu. Sikumpasua kwa sababu alikuwa anapumua."

Akaeleza. Mkuki ulimpata yule askari pajani. Alikuwa kijana asiye na ndevu, amepoteza kiatu kimoja, na mguu ule ulikuwa mweupe kama wa mtoto. Marehemu alimwambia, "Lala. Usinyanyue kichwa." Hakujua kama kijana alielewa. Kisha alimfunika kwa ngao yake, kama tunavyowafunika watu wetu waliokufa, ili wapiganaji wetu wakipita wadhani ni ndugu yao, wamwache.

"Kwa nini hukusema, baba? Miaka yote hii wanakutukana!"

"Nilifika nyumbani mama anamlilia Ndabankulu. Ningemwambiaje kwamba nimemwacha mmoja wao hai? Na kila mwaka uliopita uliufanya mdomo kuwa mzito zaidi."

Hluphekile aliwaita Mehlwana na Sikhwebu siku ile ile. Marehemu alirudia maneno yake mbele yao. Mehlwana alimgeukia Sikhwebu.

"Wewe ndiye shahidi. Ulimwona kafa?"

Sikhwebu, ambaye macho yake hayaoni tena, alitafuta mkono wa rafiki yake mpaka akaupata. "Nilimwona kaanguka. Kufa sikumwona. Na ngao ile juu yake niliiona, nikajua ni mtu wetu, nikapita." Kisha akasema, "Mpumbavu wewe, Mahlobo. Miaka hamsini na tisa unaniacha nikutanie maiti asiyekuwepo?"

"Ulikuwa unafurahi sana," marehemu alisema.

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi. Mzee Mehlwana mwenyewe ndiye aliyepima kaburi hili kando ya zizi, miguuni pa baba yao, na jana wanawake wote walikula.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, watoto watano, wajukuu ishirini na mmoja, vitukuu wanne, na rafiki yake Sikhwebu. Na ikiwa yule kijana aliuvuka mto, basi huko kwao pia wapo waliozaliwa, wasiojua jina la Ntombela.

Lala, Mahlobo. Hakuna anayekufuata. Pumzika kwa amani.