Fundi Nassibu na Nati ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni. Leo tunamkumbuka Nassibu Chilumba, fundi wa madishi wa Kariakoo. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nne, juu ya ghorofa Mtaa wa Swahili. Alikuwa kazini. Chini, mbele ya televisheni, alikuwepo mkewe, Anifa.

Nassibu alitoka Lindi akaja kubeba mizigo bandarini. Madishi alijifunza kwa kuangalia tu, lakini ukimpa kikombe cha chai alikusomesha anga lote. "Setilaiti inazunguka sambamba na dunia," aliwaambia wateja, "ndiyo maana kwako imesimama. Iko kilomita elfu thelathini na sita. Hapa ukikosea kidole kimoja, kule umeshaingia kwa jirani."

Kazi yake ilikuwa ya watu wawili. Yeye juu, Anifa chini, miaka ishirini na miwili.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Imepita, rudisha!"

Picha ikitulia, Anifa alipaza sauti: "Imekuja! Acha hapo hapo!" Baada ya hapo hawakusemeshana. Nassibu alikaza nati nne kimyakimya, maana aliamini hata kuitikia kunatikisa dishi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao.

Mwezi huu setilaiti moja kongwe ilikaribia kuishiwa mafuta. Ikasukumwa juu zaidi, zinakopelekwa zilizochoka, isije ikagongana na nzima. Chaneli zikahamia kwenye nyingine. Televisheni kibao za Kariakoo zikabaki bila picha, na simu ya Nassibu haikupumzika.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, walikuwa kwa Bi Fakhriya, muuza vitambaa. Anifa akaita: "Imekuja! Acha hapo hapo!" Juu kukawa kimya. Anifa akakaa. Akaletewa kahawa, akaangalia kipindi cha mapishi nusu saa nzima, ndipo akapanda.

Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kama angewahiwa.

Sasa Anifa amekaa eda. Hajalia. Watu wanaingia kumpa pole, yeye anaitikia tu. Anasema mwili anauona kama si wake. Alimwomba shemeji yake, Khalfani, jambo moja: apande pale juu, akatazame kama Nassibu alimsikia.

Khalfani akaenda, akarudi. "Nati tatu zimekazwa, shemeji. Ya nne bado ina spana."

"Kwa hiyo alinisikia."

"Alikusikia."

Anifa akahesabu kwa vidole. Nati tatu, kwa mkono wa Nassibu, ni dakika tano. "Zinabaki ishirini na tano," akasema. "Na mimi naangalia mapishi."

Tumeyasema haya hewani kwa sababu Anifa mwenyewe ametaka yasemwe.

Kwako Anifa, kwa binti yenu Anfal, na kwako Khalfani, poleni sana. Mungu amrehemu Nassibu, fundi wetu.

Nawe msikilizaji, umtazame mtu unayefanya naye kazi, yule mliyezoeana naye hadi hamhitaji maneno. Akinyamaza, mwite, hata kama ndivyo mlivyozoea. Asipoitika, weka kikombe chini. Panda.