Mama Kunja na Mzigo wa Tarehe Tisa Juni

Ndugu waombolezaji, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angeshaniambia nifupishe.

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akaanza shule mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, hodari wa hesabu kiasi cha kumsahihisha mwalimu mbele ya darasa, jambo lililomponza zaidi ya mara moja.

Tarehe 14 Septemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, ambaye kwa miezi saba alikuwa akilitoboa gurudumu lake mwenyewe ili apate sababu ya kusimama mlangoni kwao, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika kiwanda kinachoyeyusha chupa kuukuu za plastiki na kuzigeuza nyuzi za kujazia mito, na huko ndiko alikopata jina la Mama Kunja, kwa maana kila chupa iliyomtia shaka aliikunja kwa dole gumba, ikibaki na mstari mweupe aliitupa pembeni, kwa kuwa hiyo ni plastiki nyingine, inafanana na zile nzuri kama pacha lakini ikiingia tanurini inaungua na kuharibu mzigo mzima. Kufikia mwaka 2001 alikuwa msimamizi wa meza zote za uchambuzi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Hapa wadogo zangu wameniomba nipite haraka, nami nimekataa. Wafanyakazi wenzake mnakumbuka kwamba tarehe 9 Juni 2003 mzigo ulitoka tanurini una rangi ya chai na madoa meusi, Mama akasema ni mkono wake, akavuliwa usimamizi, na tangu siku hiyo mmekuwa mkimtania kwamba hata Mama Kunja aliwahi kusahau kukunja. Hakusahau, jamani! Meza iliyochambua mzigo ule ilikuwa yangu, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, wiki yangu ya kwanza kazini, nikaona uvivu kukunja, na Mama akajua ningefukuzwa, akalibeba kosa langu na kunikataza kusema, nami, kwa aibu yangu, nikatii upesi mno.

Kesho yake alikaa meza ya mwisho, pale paa linapovuja, akachambua hadi alipostaafu mwaka 2018 bila kuharibu mzigo hata mmoja, kisha akamkera muuza sabuni ya maji wa mtaani mpaka akakubali kumpimia kila mteja kwenye chupa aliyokuja nayo, akisema chupa isiyotupwa haimchoshi mtu kuichambua.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 11 Februari 2024 saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, na ninyi wa kiwandani, ambao leo nawaomba mumrudishie usimamizi wake, japo kwa mdomo tu.

Pumzika kwa amani, Mama Kunja, walikunje jina lako watakavyo, hawataona mstari mweupe.