Waliopalilia Msitu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mwalimu Mkuu, Bwana Mwongera mwenyekiti wetu wa wazazi, walimu, wazazi, wageni waalikwa, na hasa Mwalimu Kiende, ambaye leo anastaafu: hamjambo? Wanafunzi wenzangu, naomba tunyamaze.

Jina langu ni Winrose Kathambi wa Gredi ya Tisa. Nimepewa heshima ya kumuaga Mwalimu Kiende kwa niaba ya wote aliowahi kuwafundisha wakiwa wadogo. Baadhi yao leo ni wazazi wenye ndevu, kwa hivyo nitajitahidi kuzungumza kwa adabu.

Kila mzazi hapa Kibirichia anajua kwamba Mwalimu Kiende huwapeleka watoto wa Gredi ya Pili msituni kila Ijumaa. Wengi hawajui wanachokifanya huko. Nitaeleza, kwa sababu nilikuwapo.

Siku yetu ya kwanza alituketisha chini ya mti mkubwa. "Kila mtoto achague mmea mmoja, auangalie vizuri," akasema. Kisha akampeleka mwenzetu mmoja, Bundi, kichakani kwa haja isiyofaa kutajwa mbele ya wageni. Aliporudi, alikuta tumepalilia msitu.

Sisi ni watoto wa wakulima wa viazi. Mmea usioujua unang'olewa. Tulikuwa tumesafisha pale pote na kuyalaza magugu mizizi juu, yakauke, kama tulivyofunzwa nyumbani. Tukasimama kando tukingoja kusifiwa.

"Mmefanya nini?" akauliza.

"Tumemaliza, Mwalimu," nilijibu mimi. "Lakini hatujaona viazi."

"Hakuna viazi."

"Sasa hili shamba ni la nani?" akauliza Murungi.

Mwalimu Kiende hakutugombeza. Aliketi chini kando ya magugu yetu. Halafu akatuambia turudishe kila mmea, na kabla ya kuurudisha, kila mtu aeleze alichong'oa kikoje. Ndipo tukaona kwamba magugu hayafanani. Langu lilikuwa na vinywele upande mmoja wa jani, na harufu kama ya limau. Nililipanda kwa uangalifu mkubwa. Ijumaa iliyofuata lilikuwa limekufa, na mengi ya wenzangu vilevile. Mwalimu hakutufariji kwa uongo. Alisema, "Ndiyo, yamekufa," tukaenda kutazama yaliyo hai. Mvua ya masika ilipokwisha, pale palikuwa pamejaa tena, wala hakuna aliyepanda. Sijawahi kushangaa namna hiyo shambani kwetu, ambako kila kitu huota kwa amri ya baba.

Je, safari hizo zilinisaidia? Nyumbani walikuwa na shaka. Nilikuwa nikiligeuza kila gugu na kulichunguza kabla ya kuling'oa, hadi mama akaniuliza, "Kathambi, unapalilia au mnasalimiana?"

Katika mkutano uliopita wa wazazi, Bwana Mwongera alisema maneno ninayoyaheshimu: "Mtoto wangu anashinda nje. Aende msituni kusoma nyasi za nini?" Wengi walipiga makofi. Mwalimu Riungu, atakayerithi darasa, yuko tayari kuendelea, lakini kanuni mpya ya shule inataka watu wazima wawili, na wa pili hajapatikana. Asipopatikana leo, safari zinakwisha. Mdogo wangu Kananu anaingia Gredi ya Pili Januari. Ameshaziomba gambuti zangu za zamani, viatu vya mpira nilivyoendea msituni, nami sijamwambia kwamba huenda asizihitaji.

Bwana Mwongera, ni kweli tunashinda nje. Lakini shambani tunatazama tu kile tunachokihitaji. Ni wapi pengine mtoto ataketi mbele ya kitu kisichomhitaji yeye, akakitazama mpaka akione?

Siombi pesa, ingawa naona Mheshimiwa ameanza kuangalia saa. Naomba mzazi mmoja, siku ya Ijumaa. Nitangoja kidogo.

Kwa walio nyuma ambao hawakusikia, Bwana Mwongera amesema atakwenda yeye mwenyewe, mara moja tu, ahakikishe kwamba watoto hawaendi kucheza.

Asante, mzee. Mara moja inatosha kuanzia.

Mwalimu Kiende, nenda ukapumzike. Ijumaa imepata mtu. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunisikiliza mkiwa na njaa.