Bi. Dahabo Jimale na Mwaka wa Wakurugenzi Wawili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Dahabo Jimale Farah, mfamasia mwandamizi wa Bohari Kuu ya Dawa hapa Mogadishu, anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Machi. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja kuliko yeyote aliyebaki. Imeniomba pia niweke mambo ya kuchekesha. Nitajaribu.

Aliajiriwa akiwa binti aliyetoka chuoni karibuni, muda mfupi kabla serikali haijaanguka. Vita vilipoanza na wakubwa wakakimbia, yeye alibaki na funguo. Miaka ile hapakuwa na rais, waziri mkuu wala mshahara. Wazee wa mtaa walimletea unga na mafuta ya kupikia, naye akagawa dawa kwa kila mwenye cheti cha daktari, awe wa ukoo wowote. Amezoea kusema kwamba hiyo ndiyo miaka aliyofanya kazi bila kuingiliwa.

Serikali iliporudi, waheshimiwa nao wakarudi. Mmoja alimpigia simu akitaka makatoni ya antibiotiki, na katika mazungumzo ikajulikana kwamba mgonjwa ni ngamia. "Amelazwa hospitali gani, mheshimiwa, nimpelekee huko?" Bi. Dahabo aliuliza kwa upole wote. Simu ikakatwa. Kesho yake yule bwana alituma dumu la maziwa kuomba radhi. Tulikunywa sote isipokuwa yeye, aliyesema hanywi maziwa ya mgonjwa.

Lakini wasifu huu hauwezi kuruka mwaka wa wakurugenzi wawili. Wengi wenu mlioajiriwa karibuni mmeusikia kama hadithi tu.

Mwaka ule Rais na Waziri Mkuu walikuwa hawasalimiani. Katiba inampa Rais kazi ya kumteua Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu kazi ya kuendesha serikali. Ama kuhusu nani anateua wakuu wa taasisi kama yetu, kila upande ulisoma ibara kwa macho yake. Waziri Mkuu akamteua Bw. Abshir Gure kuwa mkurugenzi wetu. Wiki iliyofuata Rais akasema uteuzi huo haupo, akamteua Dkt. Liban Samatar. Wakafika kazini asubuhi moja, kila mmoja na barua yake na askari wake. Dkt. Liban alichukua ofisi ya ghorofani, Bw. Abshir akajikalisha kwenye chumba cha mikutano. Tukawaita wa Juu na wa Chini.

Mwanzoni tulicheka. Mhudumu wa chai alikuja kuuliza amwanzie nani. Bi. Dahabo akamshauri: "Chukua birika mbili, mwombe mwenzako akusaidie, mpige hodi kwa pamoja. Mkishindwa, waacheni wote na kiu."

Kicheko kiliisha pale geti lilipofungwa. Askari wa pande zote mbili walikaa getini, na lori halikutoka bila ruhusa ya wakurugenzi wote. Wa Juu hakusaini karatasi aliyoisaini wa Chini, na wa Chini vivyo hivyo.

Ndipo mto ukafurika jimboni, na kipindupindu kikaingia mji wa Buulo Garas. Daktari wa kule alikuwa Dkt. Idil Sabriye, ambaye Bi. Dahabo alimfundisha kazi hapa hapa boharini alipokuwa mwanafunzi. Alipiga simu Jumapili asubuhi.

"Shangazi, dripu zilizobaki ni za leo tu. Wanaletwa kwa mikokoteni."

"Zipo hapa, mwanangu. Zimejaa mpaka darini. Nipe mpaka kesho."

Akapanda ghorofani. Dkt. Liban aliisoma barua ya maombi iliyotumwa na jimbo, akairudisha. "Mimi siwazuii. Lakini wamemwandikia yule bwana. Waandike upya kwa jina langu, nitasaini sasa hivi." Bi. Dahabo akashuka. Bw. Abshir akatikisa kichwa: "Wakimwandikia yeye, wamekiri kwamba yeye ndiye mkurugenzi. Serikali ya jimbo inamuunga mkono Waziri Mkuu, haitakubali. Na mimi nikikubali nitajibu nini kwa aliyenituma?"

Sikuwaona kuwa watu wabaya. Dkt. Liban alikuwa na watoto wadogo, na Bw. Abshir alilia waziwazi siku moja mbele yangu. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na mkubwa wake kwamba akilegeza yeye, katiba yote imelegea.

Bi. Dahabo aliendelea kupanda na kushuka ngazi zile Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alipendekeza barua mbili. Alipendekeza barua isiyo na jina. Alifikiri, kama sote tulivyofikiri, kwamba watu wazima wawili hawawezi kushindwa jambo kama hilo. Jumatano jioni mlinzi mmoja alimwona amekaa kwenye ngazi, akataka kumliwaza: "Ndiyo hivyo, mama. Wapiganapo tembo, nyasi huumia."

"Nyasi gani?" alimjibu. "Sema watoto."

Alhamisi, wakurugenzi wote wawili wakiwa wameitwa na wakubwa zao, alimwambia dereva Keynan arudishe lori nyuma hadi mlango wa stoo, akaanza kubeba makatoni ya dripu kwa mikono yake. Tukaungana naye. Lori likafika getini, na askari wa pande zote wakasimama.

"Kwa amri ya nani?" aliuliza mmoja.

"Yangu. Dahabo Jimale. Mkiulizwa, semeni jina hilo."

Walitazamana. Kila upande ulingoja wa pili ukatae kwanza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa. Mwishowe mmoja wao akavuta komeo.

Lori lilifika Buulo Garas Ijumaa, na waliokuwa hai siku ile wengi walipona. Bi. Dahabo alipiga simu kuuliza. Nilikuwa karibu nikamsikia Dkt. Idil akishukuru, kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mgeni. Kisha akasema, "Zingefika Jumatatu, Bi. Dahabo." Hakumwita shangazi. Watu waliozikwa kule kati ya Jumatatu na Ijumaa sitawataja idadi. Bi. Dahabo anaijua.

Adhabu ilikuja haraka. Wa Juu na wa Chini, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chai, walisaini pamoja barua ya kumsimamisha kazi. Miezi kadhaa baadaye Rais na Waziri Mkuu walipatana kwenye karamu, picha zikapigwa, na wakurugenzi wetu wote wawili wakapewa vyeo nje ya nchi. Ibara ilibaki ilivyokuwa. Bi. Dahabo alirudishwa kazini bila neno la pole, akapewa stoo ya nyuma. Nilimwambia siku ile kwamba alifanya jambo kubwa. "Nililifanya Alhamisi," alisema, akaendelea kupanga maboksi.

Tangu hapo hakupandishwa cheo, naye hakuomba. Alichofanya ni kuwafundisha vijana wengi wa majimboni, na sasa kila hospitali ya wilaya ina akiba yake ya dripu isiyongoja geti letu. Hilo alilipigania peke yake, kikao baada ya kikao, na ndilo tunalojivunia. Dkt. Idil aliacha udaktari. Tulimpelekea mwaliko wa leo. Hakujibu.

Mtaona kwenye ratiba kwamba mahali pa kukabidhi cheti hapana jina. Wakubwa wetu wa sasa nao wamekosana, na kila ofisi imetuma mjumbe wake ikidai ni haki yake kukikabidhi. Kamati ilikwenda kumwomba Bi. Dahabo achague. Alisema: "Kiwekeni mezani. Nitakichukua mwenyewe nikitoka."

Bi. Dahabo, asante kwa funguo ulizozitunza na kwa lori lile. Nenda ukapumzike. Mungu akupe afya, na usingizi ambao najua umekukimbia miaka mingi.

Sagal Yarow,
Kitengo cha Chanjo