Walburga Mbunda, Mwonjaji Ambaye Jina Lake Sikuliandika

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mimi ni Placidi. Wengi mmezoea kunisikia nikisoma matangazo ya vifo na salamu za wagonjwa. Leo nimeomba muda nimkumbuke mtu mmoja tu. Anaitwa Walburga Mbunda. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita huko Mbamba Bay, nyumbani kwa mdogo wake, na tumemzika Mapera alikozaliwa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Kwa mliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Walburga Mbunda wa Mapera. Alikuwa mwonjaji wa kahawa.

Wengi wetu tunalima kahawa, lakini hatujamwona mwonjaji akiwa kazini. Kahawa inakaangwa kidogo, inasagwa, inawekwa kwenye vikombe vitano, inamiminiwa maji ya moto. Unasubiri. Unavunja povu kwa kijiko, unainama, unanusa. Kisha unafyonza kwa nguvu mpaka chumba kizima kisikie, unatema kwenye ndoo, unaandika. Hapo ndipo mzigo wa mkulima unapata daraja lake.

Dada Walburga alifanya kazi hiyo miaka kumi na moja katika kiwanda kimoja cha kukobolea kahawa. Mwenye kiwanda ni kampuni ya nje, na jina lake silitaji. Mimi nilikuwa karani wa kiwanda hichohicho. Mlango wangu ulitazamana na wa chumba cha kuonjea.

Mlinzi wetu, Xaveri, alikuwa akimsikia anafyonza asubuhi, anamwita kwa jina la binti yake, Gaudiosa, na kupiga kelele kutoka getini, "Mama Gau, trekta limewaka!"

Naye anajibu bila kuinua kichwa, "La kwangu lina kazi, Xaveri. Wewe ukinywa uji majirani wanahama, na hulipwi!"

Ulimi wake aliutunza kama fundi anavyotunza msumeno. Hakula pilipili, hakula kitunguu kibichi, hakujipaka manukato. Mdogo wake, Beata, aliniambia msibani, "Harusini alikuwa anasukuma kachumbari pembeni ya sahani. Mashemeji wakasema anaringa. Nikawaambia, jamani, huyu ulimi wake uko kazini hata Jumapili."

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa.

Nafasi ya mkuu wa uonjaji ilibaki wazi mara tatu katika miaka ile. Mara tatu dada Walburga aliomba. Mara tatu alikosa.

Mara ya kwanza aliambiwa hana cheti. Akaja mkuu kutoka Ulaya. Dada Walburga akatumia likizo zake mbili kwenda Moshi kusoma uonjaji, akarudi na cheti. Mara ya pili akaambiwa cheti ni kizuri, ila wanunuzi wa nje wanataka mtu wanayeelewana naye. Akaja mkuu mwingine kutoka Ulaya. Mara ya tatu hakupewa sababu. Akaja kijana wa miaka ishirini na sita, Bwana Daniel, Mzungu naye. Faili lake nililifungua mimi. Alikuwa amesomea mambo ya hoteli. Cheti cha kahawa hakikuwemo.

Wote watatu walifundishwa kuonja kahawa ya Mbinga na mtu mmoja. Mtu huyo ni Walburga Mbunda.

Je, ulikuwa ubaguzi wa rangi? Wasikilizaji wapendwa, sikuwa ndani ya vikao vya wakubwa, na siwezi kuwasemea mioyo yao. Nasema nilichokiona. Kila alipotimiza sharti, sharti lilibadilika. Na kila mara aliyepata alikuwa mweupe.

Lakini sisi weusi wenzake je? Siku moja alikuja Mzee Ladislaus, mwenyekiti wa chama cha wakulima kutoka Mkumbi. Dada Walburga alimweleza kwamba gunia moja katika mzigo wao limeharibika, kahawa ililowekwa mno, imechachuka. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe nakufahamu. Baba yako tumechimba naye ngoro, mashimo ya kulimia, kwenye mlima mmoja. Hili mwite Mzungu aonje."

Bwana Daniel aliitwa. Alikuwa na wiki tatu kazini. Akafyonza kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akamtazama dada Walburga. Yeye alikuwa ameweka vidole viwili juu ya meza, ametulia.

"Cha pili," akasema Bwana Daniel. "Kimechachuka."

"Umeona?" Mzee Ladislaus akatugeukia. "Huyo ndiye mtaalamu!"

Tukacheka. Na mimi nikacheka. Tulipotoka nje dada Walburga akaniuliza, "Kaka Placidi, wewe umecheka nini?" Nikasema nina barua za kuchapa.

Mwezi uliofuata akaandika malalamiko. Hakutukana mtu. Aliandika ukurasa mmoja kwamba kazi ya mkuu anaifanya yeye, cheo wanapewa wengine, na anaomba aelezwe kama ni kwa sababu ya rangi yake. Afisa mmoja akaja kutoka mkoani kusikiliza.

Hapa nawaomba mnielewe vizuri, maana kosa lenyewe liko hapa. Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Dada Walburga aliandika matokeo ya kila sampuli kwa penseli, kwenye fomu. Mimi nilichapa. Chini ya fomu palikuwa na mstari wa jina la mwonjaji. Mkuu wa kwanza aliniambia wanunuzi wanataka kuona jina moja tu, jina la mkuu. Nikachapa jina la mkuu. Alipokuja wa pili nikachapa la wa pili. Alipokuja Bwana Daniel nikachapa la Daniel. Miaka kumi na moja sikuuliza. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za kiwanda, Walburga Mbunda hakuwahi kuonja hata kikombe kimoja.

Zilizobaki ni zile fomu za penseli, zenye mwandiko wake. Zilikuwa kwenye kabati langu, nyuma ya kiti changu.

Afisa akaweka fomu zilizochapwa mezani. Akaniuliza mbele ya meneja, mbele ya Bwana Daniel na mbele ya dada Walburga, "Bwana karani, hizi zinaonyesha mkuu ndiye anayeonja. Ni kweli?"

Nikasema, "Mimi nachapa ninacholetewa."

"Na ulicholetewa kiko wapi?"

Nikasema, "Zile huwa zinachomwa."

Hakuna aliyenituma. Meneja hakunitisha. Bwana Daniel alikuwa anatazama viatu vyake, na mpaka leo nafikiri kama ningesema kweli naye angesema. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na niliogopa. Hiyo ndiyo sababu, na nikiisikia hapa kwenye maikrofoni naona jinsi ilivyo ndogo.

Afisa aliandika kwamba malalamiko hayana ushahidi. Dada Walburga alisimama, akanyoosha kitenge chake. Alipopita karibu yangu akasema polepole, "Kabati lako lina ufunguo, kaka?"

Alikuwa anajua.

Miezi miwili baadaye nilipandishwa cheo, nikawa msimamizi wa ofisi. Nilikwenda kanisani nikatoa shukrani. Watu wakanipa mkono. Dada Walburga alikuwa benchi la nyuma, naye akanipa mkono.

Mwaka uliofuata akaacha kazi, akashuka Mbamba Bay kwa Beata, wakawa wanaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na kuuza. Nilimfuata huko mara moja, baada ya mimi pia kuacha kiwanda. Nilipanda gari asubuhi nikiwa nimepanga maneno. Nilimkuta ufukweni anageuza samaki kwenye chanja.

"Karibu, kaka Placidi! Beata, tuna mgeni, songa ugali mkubwa."

Tulikula. Akaniuliza habari za watoto, akaniuliza kama Xaveri bado anafyonza uji. Tukacheka. Nikaaga. Maneno yangu nilipanda nayo mlima kama nilivyoshuka nayo.

Beata ameniambia wiki hii, pale msibani, "Ulipoondoka siku ile dada alisema, yule amekuja kusema kitu, ameshindwa. Akafunika mboga iliyobaki. Akasema, labda atarudi."

Sikurudi, wasikilizaji wapendwa. Miaka mitano ilipita na barabara ni ileile.

Fomu za penseli nilizichukua nilipoacha kazi. Sikuzichoma, na sikumpa mwenyewe. Siku ya tatu baada ya mazishi nilizipeleka Mapera kwa binti yake, Gaudiosa. Ni mwalimu. Alinisalimu shikamoo, akanipa kiti, akafungua boksi.

Akasoma karatasi ya kwanza. Kisha akasema, "Saba yake ina mkia. Mama alikuwa anaandika saba hivi hata kwenye daftari langu." Akaendelea kusoma.

Nikamwomba msamaha. Akafunga boksi.

"Mjomba Placidi, mimi sitakusema vibaya, tuko msibani. Lakini msamaha huo haukuwa wangu. Mama alikungoja. Na uongo hukuusema chumbani, uliusema mbele ya watu. Una redio. Nenda kaseme mbele ya watu."

Ndiyo maana niko hapa.

Kwa niaba ya wote waliofanya kazi naye, natoa pole kwa Gaudiosa, kwa Beata, kwa ukoo wote wa Mbunda pale Mapera, na kwa wavuvi na akina mama wa Mbamba Bay waliomlea katika miaka yake ya mwisho. Mungu awafariji, na ampokee dada yetu.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa kazini. Huenda hapo ulipo yupo mtu anayefanya kazi na jina linawekwa la mwingine, kwa sababu ya rangi yake, au kabila lake, au kwa sababu tu tumezoea. Huenda wewe si bosi. Huenda wewe ndiye unayechapa. Fikiri juu yake leo, yeye akiwa bado hai wa kukusikia.

Afisa, popote ulipo, uliniuliza swali. Nalijibu sasa. Si kweli kwamba wakuu ndio walioonja. Kwa miaka kumi na moja, kahawa iliyopita katika chumba kile, ya Mapera, ya Mkumbi na ya kwingineko, ilionjwa na Walburga Mbunda. Karatasi zipo kwa binti yake. Aliyeandika majina mengine ni mimi, Placidi.