Siku Mkwe Alipoushika Mguu Wangu

Ndugu zangu, mtaniwia radhi, mimi nitashuhudia nimekaa. Najua hapa kwetu mtu husimama, lakini mguu wangu umeshachoka tangu wimbo wa pili. Bwana asifiwe. Itikieni kwa nguvu, ama leo hamkula makande?

Wengi mnajua nina kisukari, tena cha miaka mingi. Ugonjwa huu unaua miguu kimyakimya, mpaka unatembea na miguu kama ya kuazima. Kliniki waliniambia nijikague nyayo kila siku. Nikacheka. Nani huku Chome ana muda wa kutazama nyayo zake?

Ikafika ile baridi yetu ya Julai, ukungu unatoka msituni Shengena unakuja kukaa mlangoni. Asubuhi moja nilirudi kutoka shambani miguu imelowa, nikaketi jikoni, nikaisogeza kwenye mafiga kama alivyofanya baba yangu na baba yake. Usingizi ukanipitia. Kilichonizindua ni harufu ya nyama. Nawaambia kweli, nilijiuliza, leo nani kachinja? Nikatazama huku na huku. Kumbe nyama yenyewe ni mimi. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa juu ya makaa, na sikuwa nimesikia hata joto.

Nikapaka majivu, nikafunga tambara, nikasema kidonda kitapona. Hakikupona. Kilichimba kuelekea chini ya unyayo, kikaanza kunuka. Mnakumbuka ile Jumapili benchi langu lilipobaki na mimi peke yangu? Msiinamishe vichwa, siwalaumu. Ningeweza kujikimbia, hata mimi ningejikimbia. Baada ya siku ile sikuja tena kanisani.

Mwanangu anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare. Alipopanda kuja kutusalimu akanikuta nimejifungia chumbani. Akaita vijana, wakanibeba hadi pale gari linapofika. Hospitalini wakakata vidole viwili. Daktari akasema kidonda kikiendelea kupanda, watakata chini ya goti. Nikarudishwa nyumbani, na nesi mmoja akapangiwa kunifuata huku huku kunisafisha.

Nesi yule Mungu amtunze. Mvua ikinyesha bodaboda inamwacha kule chini, anapanda mlima kwa miguu, viatu kavishika mkononi. "Shikamoo mzee, haya, lete mguu." Anaosha, anakata nyama iliyokufa, anafunga upya. Lakini alikuwa na wagonjwa mlima mzima, hakuweza kuja kila siku. Akaniambia, "Siku nisizokuja, mtu wa humu ndani akioshe. Yupo nani?"

Nani? Mke wangu nilishamzika, mabinti wameolewa mbali, mwanangu kesharudi kazini. Nyumbani tulibaki mimi na mke wa mwanangu. Na ninyi mnajua mambo ya ukwe kwetu. Mkwe haingii chumbani kwangu. Chakula anakiweka mlangoni, anageuka. Tukikutana njiani yeye anapisha kwenye majani. Leo aje anishike mguu, tena kitandani? Nikamjibu nesi, "Nitajiosha mwenyewe."

Nitajioshaje? Macho yenyewe ya kisukari, mgongo hauinami, na kidonda kiko chini ya unyayo. Nilikuwa namwagia maji nisikokuona, nafunga bandeji ile ile. Jirani mmoja, mwanamume mwenzangu, alijaribu kunisaidia. Alitoka nje kutapika, hakurudi. Kila nesi alipofungua alikuta usaha, anatikisa kichwa, anaanza upya.

Siku moja akafungua, akainama kutazama. Kisha akasema, "Mzee, nauona mfupa. Nikija tena nikakuta hivi, utashuka hospitali, na mguu utauacha huko." Hakunong'ona. Mkwe wangu alikuwa ukumbini anachambua maharage, akasikia kila neno.

Nesi alipoondoka nililia, ndugu zangu. Mtu mzima mimi, nililia na kamasi. Nikamwomba Mungu anichukue mapema, nizikwe na miguu yangu miwili.

Nikasikia, "Hodi, baba."

"Weka hapo mlangoni, mama."

"Sijaleta chakula."

Mlango ukafunguka. Alikuwa na beseni, maji ya chumvi aliyoyachemsha na kuyapoza, na glovu za nesi mikononi. Uso kaugeuzia ukutani.

"Toka, mama. Watu watasemaje?"

"Watasema nimemshika baba mkwe mguu. Na nikikaa huko nje, baba, siku ya matanga yako watasema nini?"

Akapiga magoti. Alipofungua bandeji harufu ikajaa chumba, naye akaendelea. Akauliza, "Nakuumiza, baba?" Nikasema, "Sisikii kitu, mama." Hapo ndipo alipolia, lakini mkono haukusimama. Mimi nilifumba macho kwa aibu mpaka alipomaliza.

Tangu siku hiyo akaosha kila siku, na nesi akamfundisha vizuri. Maneno yalisemwa, tena mengine yalisemwa na ninyi mliokaa hapa. Alikuwa anayasikia bombani, anarudi na ndoo yake, anachemsha maji. Kidonda kilichukua muda. Kidole cha tatu nacho kikaenda. Mvua za vuli zikaisha, ndipo nyama nyekundu ikaanza kujaa kutoka chini.

Sikuwaletea ushuhuda mtamu. Kisukari bado ninacho. Jembe siliwezi tena. Mzee niliyekuwa nakaa naye kliniki, mwenye kidonda kama changu, alikatwa mguu na tumeshamzika. Lakini mimi nipo, na goti langu lina mguu chini yake.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru vijana walionibeba, na mwanangu, ambaye hakuyasikiliza maneno, na nesi wa viatu mkononi. Na namshukuru mkwe wangu, yule pale nyuma ameinama, kwa sababu mbele za watu bado hanitazami. Nyumbani bado anapisha kwenye majani. Ila kila asubuhi anagonga mlango, anasema, "Baba, mguu," nami nautoa.

Wenye kisukari mnajijua. Msiote moto kwa miguu. Na nyayo zako mpe aliye karibu azitazame, na kama aliyepo ni mkwe, basi ni mkwe. Mimi nilikuwa nalinda heshima, na heshima hiyo ikawa inaozea mguuni.

Sasa navua kiatu. Msirudi nyuma, mguu haunuki tena. Leo tuliwahi ibada, haujakaguliwa. Mama, nyanyuka hapo nyuma, uje. Njoo hapa mbele, wakuone. Njoo uutazame mguu wa baba yako.